Nilivyompatia Mshairi wa Scotland Mjane

Wacha nianze na aibu yenyewe, ndio ukitaka kunicheka ucheke mapema tuendelee na mambo mengine. Nimewahi kuchangisha pesa ya jeneza ya mtu aliyezikwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Huko Scotland. Nilipitisha karai mimi mwenyewe, nikiwa na suti nyeusi ya kuazima, na watu wakatoa. Na kama hiyo haitoshi, nilimtafutia marehemu mjane papo hapo, nikamketisha kwa kiti ya mbele, nikapanga watu laini waende kumpa pole. Mama wa watu hakuwa na habari. Alikuwa amekuja kula.

Sasa nieleze vile mtu mwenye akili yake anafika hapo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, na mimi nilikuwa naishi Kibomet, hapo Kitale. Kusema naishi ni uongo kidogo, nilikuwa napita. Miguu yangu iko na ugonjwa wa kutotulia. Shule niliacha Form Two katikati ya term. Watu nawaambia ni fees, na kweli fees ilikuwa shida, lakini hata ingelipwa sijui kama ningekaa. Nikaenda kujifunza ufundi wa baiskeli Kiminini, nikatoka nikiwa nimejua kufungua lakini bado kurudisha. Nikajaribu kununua mahindi Tongaren niuze Kitale, nikakuta kila mtu wa Tongaren amefikiria hivyo kabla yangu. Kitu moja tu ndio ilinikubali: kusimama mbele ya watu na kuongea. Nikawa MC.

Harusi nilifanya, lakini chache. Kazi ilikuwa matanga. Watu wanaweza kuahirisha kuoa mpaka mahindi ipate bei, lakini kufa hawaahirishi. Kwa hivyo kuanzia Kitale mpaka ndani ya Bungoma nilikuwa mtu wa vilio, na hiyo kazi iko na sheria zake. Ya kwanza, unapea familia pole. Ya pili, unaomba familia isimame ionekane. Ya tatu, mchango, kabla watu hawajashiba na kuanza kutafuta njia ya nyuma. Ya nne ndio historia ya marehemu. Na kuna sheria moja hata haisemwi: mfiwa humuulizi mtu wake alikufa lini. Hiyo ni swali ya polisi. Wewe sema pole, hayo mengine utaskia kwa jirani.

Hiyo sheria ndio iliniua.

Siku moja tulikuwa tunazika mzee fulani Tongaren, mtu aliyefanya kazi ya trekta kwa shamba la mzungu miaka mingi. Mzungu mwenyewe alikuja. Mzee mrefu, amepinda kidogo, shati ya mikono mirefu imefungwa mpaka shingo. Alikuwa ametoka Scotland akiwa kijana, akalima mahindi nje ya Kitale mpaka akazeeka, na wakati huo alikuwa ameshauza shamba akabaki na nyumba na kipande ya maua. Tulipomaliza kuzika akanivuta kando.

"Kijana," akasema na hiyo Kiswahili yao ya shamba, "wewe iko na mdomo mzuri. Mimi nataka wewe kuja kwangu, wewe sema kwa ukumbusho ya mtu yetu."

"Pole sana mzee," nikasema, nikatoa kofia.

"Yeye alikuwa mkulima. Na mshairi. Mkubwa sana kwetu. Alikufa kijana, aliacha bibi na watoto."

"Woi. Pole, mzee. Pole kabisa."

Akaniangalia kama mtu aliyeshangaa kupata huruma nyingi hivyo. "Sisi nakutana Januari, nakula pamoja, nakumbuka yeye. Kila mwaka mimi nafanya. Sasa rafiki zangu karibu wote wa hiyo chakula wamekufa ama wamerudi. Na mimi mwezi ya nne naenda kwa mtoto yangu msichana, Scotland. Moyo imechoka. Hii ni ya mwisho." Akanishika mkono. "Mimi nataka iwe mzuri."

Wewe ukiambiwa hivyo utafikiria nini? Mkulima amekufa kijana, ameacha mjane na watoto, watu wanakutana kula na kumkumbuka. Hiyo "kila mwaka" niliiskia, sitadanganya. Nikajua ni ukumbusho. Lakini kwetu ukumbusho wa mtu unafanywa mwaka wa kwanza, wa pili, ukizidi sana wa tano, na mara nyingi kunakuwa na deni ya mazishi bado inalia. Nikasema mzee, mimi ni wako. Haitaharibika.

Nilienda kwake mara mbili kabla ya hiyo siku ndio anipatie historia. Na alinipatia, shida ni mimi. Alikuwa na ukuta mzima wa vitabu, harufu ya karatasi kuukuu na mbwa. Akaanza mbali. Ati huko kwao zamani kila mkubwa wa ukoo alikuwa na mtu wake wa kumsifu, kazi yake ni kujua nani alizaa nani na nani alipigana wapi. Hapo niliamka, kwa sababu kwetu Bungoma tuko na wazee wa kazi hiyo hiyo. Mtu mkubwa akishazikwa, mzee anatembea katikati ya watu akisema historia mpaka jua igeuke, na wewe huruhusiwi hata kupiga chafya. Halafu mzungu wangu akaingia kwa nyimbo za akina mama. Nyimbo za vita, za wasichana waliodanganywa, za mizimu, hazikuandikwa mahali, wanawake walizishika kwa kichwa wakikamua ng'ombe. Halafu kuna mwingine huko mbele aliandika hadithi za zamani tamu mpaka watu wa town, ambao babu zao hawakuwahi kuvaa ile sketi ya wanaume, wakakimbia kwa fundi kushonewa.

"Na huyu wetu?" nikauliza.

"Huyu yetu anakuja. Ngoja."

Sikungoja. Miguu ilishaanza. Nilikuwa naona kwa dirisha vumbi ya Januari inapita barabarani, malori ya mahindi yanaenda, na mimi niko ndani kama mtu aliyefungiwa. Nikatunga uongo kwamba kuna harusi inaniita. Mara ya pili nikatunga mazishi. Ningekaa tu mpaka chai ifike, mzee angefika kwa mwaka mtu wake alikufa, na leo singekuwa na hadithi.

Kwa chakula nilimletea rafiki yangu. Yeye ni wa wale watu wa kutoka Central waliokuja Trans-Nzoia na wazazi wao, na mutura yake, ile soseji ya matumbo na damu, hapo Kibomet watu walikuwa wanapigania. Mzee alitaka tumbo ya kondoo ijazwe maini, moyo, mafuta, kitunguu, na oats. Rafiki yangu alipoona paketi ya oats akakaa chini.

"Wee MC. Huyu mzee anataka niweke uji ndani ya tumbo?"

"Ndio mila yao."

"Na damu?"

"Hakuna damu."

"Pilipili?"

"Kidogo ya unga."

"Hii si mutura," akasema. "Hii ni mutura imeokoka."

Lakini aliifanya. Aliishona na uzi kama kidonda ya hospitali, akaichemsha polepole akiiangalia kwa huzuni.

Siku ikafika. Mzee aliweka saa nane mchana kwa sababu usiku macho yake ilikuwa haimsaidii tena. Meza zilipangwa nje, nyuma ya nyumba. Wazungu walikuwa wachache sana, wale waliobaki. Wengine walikuwa watu waliowahi kufanya kazi kwa shamba, na akina mama wa kanisa ya Kibomet ambao mzee alikuwa amewapea nyanya miaka mingi. Nilipowaona hao akina mama na leso zao nikatulia moyo. Nikasema, hapa kuna watu wanajua kulia.

Kwanza tumbo ikaletwa kwa sinia, rafiki yangu mbele, na nyuma yake kaseti ya zile filimbi zao za mfuko. Mzee akasimama na kisu. Akaanza kuongea. Na hiyo tumbo! Alikuwa anaiongelesha. Na haikuwa Kizungu ya shule, ilikuwa kitu ingine, inatoka kooni, inaviringika kama mawe kwa mto. Sauti ikapanda, kisu ikapanda. Mama mmoja wa kanisa akainamisha kichwa, wengine wote wakafuata, na mimi pia nikafunga macho. Mzee alipochoma tumbo na mvuke ikaruka, sisi tukajibu kwa nguvu:

"Amina!"

Wazungu wakageuka. Mzee akasimama na kisu mkononi, mdomo wazi kidogo. Halafu akasema, "Amina," na akakata.

Hapo ningeshuku. Sikushuku. Nilikuwa nahesabu zamu yangu ifike.

Tulipokula kidogo mzee akaninyooshea mkono. "Sasa, ukumbusho."

Nikasimama. Nikarekebisha suti, ambayo mwenyewe alikuwa mfupi kuliko mimi. Nikasema kwa ile sauti yangu ya Tongaren: "Familia, marafiki, majirani. Tuko hapa kwa huzuni. Kijana wetu, mkulima, ametutoka akiwa bado na nguvu. Mzee wetu hapa, pole. Familia yote, poleni."

"Pole sana," akina mama wakajibu. Mmoja akashika leso.

"Sasa naomba familia ya marehemu isimame tuwaone."

Hakuna mtu alisimama. Hiyo haikunitisha, familia nyingine ziko na aibu. Nikaangalia. Kando ya mzee kulikuwa na mama mzungu amevaa nguo nyeusi, nywele nyeupe, macho mekundu. Baadaye nilikuja kujua macho ilikuwa vumbi. Nikaenda pale, nikamshika mkono.

"Mama, usiogope. Tuko na wewe."

Nikamwinua taratibu, nikamleta kwa kiti ya mbele. Nikawaambia watu wapite mmoja mmoja. Na walipita! Mama wa kanisa aliyeanza maombi ya tumbo, mkubwa wao, wa Bungoma kama mimi, akamkumbatia akamtingisha, akamwambia Mungu hamuachi mjane. Mzungu wa watu alikuwa anasema asante, asante, kila mtu asante, adabu tupu. Na wakati laini inapita, mimi nilikuwa nimeshachukua karai kwa jikoni.

"Jeneza si kitu rahisi," nikasema. "Na watoto bado wako shule."

Pesa ikaanza kulia kwa karai. Watu wetu hawaulizi. Hata rafiki yangu alitoa, na huyo hatoagi.

Karai ilikuwa imefika meza ya mwisho wakati yule mama kwa kiti ya mbele aliinua mkono kama mtoto wa darasa. Akauliza kwa Kiswahili safi, kwa sababu kumbe alizaliwa hapo hapo Trans-Nzoia:

"Samahani. Kwani nani amekufa?"

Hata mbwa aliacha kujikuna.

Nikamwangalia mzee. Uso wake ilikuwa nyekundu, mabega inatetemeka, na sikujua kama ni kilio ama ni hasira ama ni huo moyo umeamua kumaliza kazi hapo kwa meza. Nikaona vile nimemharibia. Siku ya mwisho, alinishika mkono akaniomba kitu moja. Nikatafuta geti kwa macho. Ilikuwa karibu. Miguu ikasema twende.

"Kijana," mzee akasema, na ilikuwa kicheko, lakini macho ilikuwa na maji. "Yeye amekufa miaka mia mbili na zaidi."

"Mia ngapi?"

"Mbili. Na leo si siku ya kufa. Leo nakumbuka siku alizaliwa."

Kwa hivyo nilikuwa nimeleta mchango wa jeneza kwa bathdei. Wazungu walishaanza kucheka, akina mama wanaulizana ni nini, na rafiki yangu huko nyuma amefunika uso na sinia.

"Samahani mzee," nikasema. "Wacha niketi."

"Hapana. Sema."

"Mzee, sina. Ile maneno nilikuwa nayo ni ya mtu wa juzi."

"Basi mimi nasema kwako, wewe sema kwao." Akagonga meza. "Kama vile ulisema kwa mtu yangu Tongaren."

Ndio nikabaki nimesimama. Mzee ananiambia kidogo, mimi nawageuzia. Nikasema, alikuwa mtoto wa mkulima wa kukodisha, na yeye akakodisha. Mwanaume mmoja aliyewahi kukaa kwa shamba ya watu akauliza, "Hakuwa na title ya shamba?" Nikamuuliza mzee. Hakuwa. Mashamba yote ilikuwa mbaya, mawe na maji. Watu wakasema mmh. Nikasema, alikuwa analima mchana na kuandika jioni, na aliandika na lugha ya mama yake, ile mmeskia mzee akiongelesha tumbo, wakati wakubwa walikuwa wanataka Kizungu ya kuiga London. Na hata baadaye watoto walichapwa shuleni wakiongea hiyo lugha.

"Walivalishwa kile kibao?" mama wa kanisa akauliza.

Kile kibao sisi sote tulikijua. Ukiongea Kibukusu shuleni unavalishwa kwa shingo mpaka umpate mwingine wa kumpatia. Mzee akasema kibao hajui, lakini mkanda anajua, yeye mwenyewe alipigwa nayo kwa mkono. Akaonyesha kiganja, kama vile alama bado iko. Watu wetu wakamwangalia upya. Miaka yote hiyo anawapea nyanya, hakuna mtu alijua mzungu anaweza kuchapwa kwa kuongea kama mama yake.

Nikaendelea. Sasa nilikuwa natembea katikati ya meza, siwezi kusimama mahali pamoja. Nikasema, alizunguka akiokota nyimbo za akina mama zisipotee, na hakutaka kulipwa. Wakapiga makofi. Nikasema, alipenda wanawake, na watoto walipatikana nyumba tofauti tofauti. Makofi ikaisha upande wa kanisa. Nikasema, shamba ilipomshinda akaandikwa kazi ya ushuru, kukagua watu wa pombe.

"Aaai!" wakalia wote. "Kumbe alikuwa wa kushika watu wa chang'aa!"

"Na yeye alikuwa anakunywa?" mtu akaita.

Nikamuuliza mzee. Mzee akainua glasi yake. Hapo watu walicheka mpaka meza ikayumba.

Halafu mzee akaniambia kitu polepole. Nikasema, alikufa kabla hajafika arobaini. Na siku walipokuwa wanamzika, bibi yake alikuwa kwa uchungu. Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo, wanaume wako makaburini.

Mama wa kanisa akasimama.

"Mzee, nani alikuwa na yeye?"

"Nani?"

"Huyo mama. Ndani ya nyumba. Nani alimzalisha?"

Mzee akafikiria. Akawaangalia wazungu wenzake. Mmoja akatingisha kichwa, mwingine akaangalia sahani.

"Mimi sijui," mzee akasema.

"Mnamkumbuka mwanaume kila mwaka, mnaongelesha chakula, na hamjui nani alishika huyo mtoto?"

"Hakuna mtu aliuliza," mzee akasema. Akaweka glasi chini. Akasema, taratibu, kwamba kitu moja anajua. Marafiki wa marehemu walichangisha pesa. Walipitisha kwa watu, wakubwa na wadogo, ya kusaidia mjane na watoto.

"Kumbe karai ilipita," mama akasema.

"Ndio. Karai ilipita."

Yule mama mzungu kwa kiti ya mbele akajifunika mabega na shali yake. Nilikuwa nimeenda kumrudisha mahali yake. Akakataa. "Wacha nimkalie huyo mjane kidogo," akasema.

Mama wa kanisa akaanzisha wimbo, ule wa kufariji, na mzee akaimba wa kwao juu yake, na hazikuingiana hata kidogo. Hakuna aliyesimamisha mwenzake. Pesa nilijaribu kurudisha, wakanikemea, mchango wa maiti haurudi mfukoni. Mmoja akasema kuna mtu anazikwa Kiminini Jumamosi, kweli kweli huyo, wamethibitisha. Ikaenda huko.

Mzee aliondoka mwezi wa nne vile alisema. Sikwenda kumuaga, nilikuwa Bungoma nikijaribu biashara ya viatu. Lakini hiyo siku yake ilikuwa inanisumbua. Nikilala naona kile kiti, naona mkono wa mzee umeshika wangu. Siku moja nikapita Kibomet nikamkuta rafiki yangu kwa jiko yake, moshi usoni, nikamuuliza bila salamu:

"Niambie ukweli. Niliharibu?"

Akageuza mutura upande mwingine. Akaikata kipande, akala yeye mwenyewe.

"Uliharibu kabisa, bana, usijidanganye," akasema. "Lakini si mzee alisema ni ya mwisho? Sasa hakuna mtu atakuja kufanya ingine kukushinda."